Maswali yenu: Huyu Kazantzidis wa Wagiriki ni nani, na mbona aliacha kuimba?

Toleo lililopita niligusia mistari miwili tu kuhusu filamu ya Kigiriki inaitwa Yparho, ilitoka Desemba 2024, inahusu maisha ya mwimbaji Stelios Kazantzidis, na jamaa aliyemuigiza ni mwimbaji wa huko huko, Christos Mastoras, nikaongeza kwamba huyo mzee aliacha kuimba akiwa juu kabisa. Basi meseji zikamiminika. Wengine mnamjua kuliko mimi, wengine mnadhani nimemtunga, na mmoja kaniuliza kama ni mchezaji wa Olympiakos. Haya, leo safu yote ni yake. Meseji ndefu nimezikata, msininunie.

Shikamoo mzee wa muziki. Mi muziki wa Kigiriki najua ule mmoja tu, wa wanaume wanacheza wameshikana mabega, unaanza polepole halafu unakimbia. Huyo mtu wako ni nani hasa na kaimba nini cha maana? (Msomaji, Tabata)

Marahaba. Huo unaousema ni wa Mikis Theodorakis, aliutunga kwa ajili ya filamu miaka ya 60, na watalii ndo wanaupenda zaidi. Ukitaka kujua Mgiriki wa kawaida analia na nini akishapiga glasi mbili tatu, hapo unakuja kwa Kazantzidis.

Kazaliwa 29 Agosti 1931 pale Nea Ionia, kitongoji cha Athens, na ukitaka kumuelewa inabidi kwanza ukielewe hicho kitongoji. Mwaka 1923 Ugiriki na Uturuki walisaini mkataba wa kubadilishana watu, sio mateka wa vita, watu wa kawaida na watoto wao, Wakristo wa Orthodox kama milioni 1.2 wakaondoka Uturuki kwenda Ugiriki na Waislamu zaidi ya 350,000 wakaelekea upande wa pili, wengi wao hata nchi waliyopelekwa hawakuwahi kuiona na lugha yake hawaijui vizuri. Nea Ionia ilijengwa na hao wakimbizi. Baba yake Stelios alitoka Ponto, kule Bahari Nyeusi, mama yake katokea Alanya, kusini mwa Uturuki ya leo. Wenyeji waliwaona kama nusu Waturuki, wakawacheka lafudhi, kazi wakapewa zile ambazo hakuna anayezitaka. Ila walikuja na muziki wao, na ndo huo ulichanganyika na wa bandarini ukazaa rebetiko, halafu rebetiko ikazaa laiko, yaani muziki wa watu wa chini, na laiko ndo nyumba ya Kazantzidis.

Baba alikuwa fundi ujenzi, Wajerumani walipoikalia Ugiriki wakati wa vita kuu ya pili akawa upande wa wapiganaji wa msituni wa mrengo wa kushoto, sasa vita hiyo ilipoisha Wagiriki wakaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe na watu wa mrengo wa kulia wakampiga mpaka ikawa ndo mauti yake, 1947. Kijana bado mdogo kabisa, tayari ndo mwanaume wa nyumba. Kabeba mizigo, kauza maji ya kunywa sokoni, kauza zile njugu kubwa za Ulaya wanazochoma kwenye mkaa barabarani, kafanya kazi kiwanda cha nguo. Inasimuliwa kwamba mwenye kiwanda alimsikia akiimba huku anafanya kazi, akampa gitaa. Sijui mabosi wa aina hiyo waliishia wapi.

Kaingia studio 1952. Wimbo wa kwanza, utunzi wa Apostolos Kaldaras, unahusu mtu anaenda kuogelea baharini, haukwenda popote, na nadhani ni kwa sababu ile sauti haikuumbwa kwa mambo ya kuogelea. Wakampa wa pili, Oi valitses, yaani mabegi ya safari, wa Yannis Papaioannou. Mtu anafungasha. Hapo ndo nchi ikageuka kumsikiliza.

Assalaam aleikum. Mimi ni mpenzi wa taarab tangu utotoni, juzi mwanangu kanichezea wimbo wa huyo Mgiriki kwenye simu, nikamwambia zima, hii ni ya Kihindi na naijua! Akabisha. Nani mkweli? (Mama wa watu, Majengo, Mombasa)

Waleikum salaam mama. Wewe ndo mkweli, mwambie mwanao akuombe radhi na soda juu.

Wimbo aliokuchezea bila shaka ni Mandoubala, 1959. Tuni yake imetoka kwenye filamu ya Awaara ya 1951, ile ya Raj Kapoor na Nargis, pale Lata Mangeshkar anapoimba Aajao tarapte hain arman. Maneno ya Kigiriki kayaandika mama mmoja, Eftychia Papagiannopoulou, naye mkimbizi kutoka upande wa Uturuki, na jina la wimbo wakalichukua kwa yule mwigizaji mrembo Madhubala ambaye kwenye Awaara hata hayumo! Wao halikuwasumbua hilo, walitaka jina lenye harufu ya mbali.

Na hakuwa peke yake. Miaka ya 50 na 60 sinema za Kihindi ziliwakamata Wagiriki kwelikweli, hasa kwenye mitaa ya maskini na miji ya mikoani. Ukifikiria unaona kwa nini, nchi imetoka vitani, wajane kila nyumba, halafu unaingia sinema unakuta mama anadhulumiwa na mwenye mali, mtoto kakua bila baba, mapenzi yanavunjwa na umaskini, unatoka macho mekundu. Nargis alipendwa kama binti wa mtaani kwao. Watunzi wakaanza kubeba zile tuni, wengine wakazipamba kidogo, wengine wakazibeba vilevile zilivyo na kuandika majina yao juu ya lebo. Vassilis Tsitsanis, mkongwe wa bouzouki, lile gitaa la Kigiriki lenye shingo ndefu, alichukizwa nayo sana hiyo biashara.

Sasa mama we unatoka Mombasa, hili halikushtui. Juma Bhalo alifanya nini? Watu wa Pwani walitoka sinema na tuni kichwani, yeye akazivisha Kiswahili, mashairi mazito ya Kimvita, na harusini hakuna aliyelalamika. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba kwa Bhalo kila mtu alijua tuni ni ya filamu, hata wasikilizaji walifurahia kuitambua, ila kule Ugiriki wengi walikua wakiamini ni ya kwao asilia mpaka watafiti walipokaa chini miaka ya 90 wakaanza kulinganisha wimbo kwa wimbo, wakakuta ni zaidi ya mia. Kuiita wizi mtupu siwezi, maana ukisikiliza Kazantzidis anavyoiburuza ile sauti mwishoni mwa mstari utasema huyu kaiingia hii tuni na viatu vyake. Lakini kuandika jina lako kwenye kazi ya mtu wa Bombay, hiyo nayo ina jina lake.

Na huyo Eftychia ningeomba mumkumbuke peke yake. Alikuwa mcheza karata wa kutupwa, anaandika maneno ya wimbo leo, kesho anauza kwa pesa ndogo akalipe deni la karata, na jina lake linapotea. Kazantzidis kaimba mwingine wake, Dyo portes ehei i zoi, maisha yana milango miwili, unaingia kwa mmoja unatokea mwingine. Wagiriki wanasimulia kwamba aliuandika baada ya kufiwa na binti yake. Ukishajua hilo ule wimbo hauusikii tena kama zamani.

Mambo vipi. Umbea kidogo basi, alikuwa na mke? (Dada wa Kawangware)

Nilijua utakuja. Mwanzoni alikuwa na mwimbaji Kaity Grey, wakachumbiana, haikufika mbali. Halafu 1957 akakutana na binti wa Thessaloniki, Kyriaki Papadopoulou, jukwaani anaitwa Marinella. Wakawa pea, yeye anaimba mbele Marinella anajibu kwa sauti ya pili, na kwa masikio yangu hakuna sauti mbili zilizowahi kukaa pamoja vile. Wakaoana 1964, wakaachana 1966. Waliokuwa wakimuona Marinella ni kivuli tu cha mume walikosea, alikuja kuwa staa mkubwa mwenyewe, na ndo aliyeiwakilisha Ugiriki mara ya kwanza kabisa kwenye Eurovision, shindano la nyimbo la Ulaya, 1974, mwaka ule ule ABBA waliposhinda. Kazantzidis baadae akaoa tena, mke anaitwa Vasso, akakaa naye mpaka kifo. Hakuacha mtoto. Umbea umeishia hapo.

Kaka habari za huko. Mimi niko Athens, Kypseli, mwaka wa saba sasa nalea wazee majumbani. Bibi ninayemtunza akisikia huyu mtu redioni ananyamaza kimya halafu machozi. Nikimuuliza anasema we ni mgeni utanielewa siku moja. Anamaanisha nini? (Dada wa Kypseli)

Dada, huyo bibi kakwambia ukweli na nadhani unamuelewa tayari, ila hukujua ndo kitu hicho hicho.

Kazantzidis ndo mwimbaji wa walioondoka. Mwezi Machi 1960 Ugiriki ilisaini mkataba na Ujerumani Magharibi wa kupeleka vibarua, wengine walikuwa wameshaanza kwenda Ubelgiji kwenye migodi ya makaa ya mawe, wengine wakapanda meli kwenda Australia na Canada. Kuanzia miaka ya 50 mpaka ya 70 waliondoka kama milioni moja, na nchi yenyewe ilikuwa na watu milioni nane na kitu, sasa piga picha hivyo vijiji, wamebaki wazee na watoto wanaolelewa na bibi zao. Na wale waliokuwa wanaondoka wengi ni watoto wa wakimbizi wa 1923, yaani baba alihamishwa kwa nguvu, mtoto anahama kwa njaa.

Yeye akawaimbia hao. Ana nyimbo za viwanda vya Ujerumani, za machimbo ya Ubelgiji, mkate wa ugenini ulivyo mchungu, mama anayesubiri barua. Mtu amemaliza shifti Stuttgart, kwenye chumba wanalala wanne, mmoja ana santuri ya Kazantzidis, hiyo ndo ilikuwa simu ya nyumbani. Kuna wanaosema alizidisha majonzi, kwamba aliwafundisha watu kulia badala ya kudai haki zao. Mi naona anayesema hivyo hajawahi kupokea habari za msiba wa mzazi akiwa hawezi kusafiri. We dada wa Kypseli unajua, na nyinyi mlioko Muscat na Doha mnajua.

Nakushauri siku moja muulize bibi nani wake aliondoka. Usimuulize kuhusu wimbo.

Umesema kwenye makala yako aliacha kuimba akiwa juu kabisa. Huo si ujinga? Sisi wasanii wa huku tunatafuta shoo hata ya harusi hatupati. (Msanii chipukizi, Mwanza)

Kijana wangu, tulia kidogo nikueleze, hili ndo jambo lililonifanya nimpende huyu mtu.

Aliacha mara mbili. Mara ya kwanza 1965, ana miaka 34, hakuna mwimbaji wa laiko Ugiriki nzima anayemfikia, klabu ikitangaza jina lake watu wanapanga foleni, akasema klabu za usiku basi. Na hakurudi. Mpaka anakufa miaka 36 baadae hakupanda tena jukwaa la klabu, alirekodi tu studio. Kwa nini? Inabidi ujue klabu zenyewe zilikuwaje. Mwimbaji anaanza usiku mnene anamaliza alfajiri, moshi wa sigara, sahani zinavunjwa miguuni kwake na watu wenye hela za kuvunja, mezani za mbele wamekaa watu wa magenge. Halafu kuna kitu wanaita paraggelia, unalipia bendi ikupigie wimbo wako na ukiinuka kucheza zeibekiko, dansi yao ya mtu mmoja, basi uwanja ni wako peke yako, mwingine akiingia kucheza ni tusi. Mwaka 1973 kwenye klabu moja Athens, mtu mmoja, Nikos Koemtzis, wimbo uliombwa kwa ajili ya mdogo wake wengine wakaingia kucheza, akatoa kisu, polisi watatu wakafa. Hiyo ilitokea Kazantzidis ameshaondoka miaka minane, lakini ndo hewa aliyokuwa anaivuta kila usiku. Mtu aliyekua kwenye umaskini anaimbia maskini, halafu wanaomudu kukaa meza ya mbele ni wale wale waliowanyonya, akaona hapana. Akachukua boti akaenda kuvua samaki. Sio mfano, alivua kweli, ndo ilikuwa raha yake kubwa, na alikuja kuhamia Agios Konstantinos, mji wa pwani, karibu na boti yake.

Mara ya pili ndo inauma zaidi. 1975 katoa albamu ya Yparho, muziki wa Christos Nikolopoulos, maneno ya Pythagoras (mwandishi wa nyimbo, sio yule wa hesabu), na wimbo wenye jina hilo mpaka leo ukipigwa kwenye harusi ya Kigiriki hata vijana wenye tatuu shingoni wanaimba mwanzo mwisho. Anamwambia mwanamke aliyemuacha kwamba mimi nipo, na maadam wewe upo nitaendelea kuwepo ndani yako. Baada ya hapo, kimya. Miaka 12 hakutoa albamu mpya. Alikuwa amegombana na kampuni ya rekodi, yeye anasema mkataba unamkaba na anachopata hakilingani na anachoingiza, na mkataba huo huo unamzuia kurekodi kwa mwingine. Enzi zile wasanii wengi walilipwa kwa mkupuo, unaimba unapewa chako unaenda, santuri iuze elfu ama laki haikuhusu. Yeye alikuwa katika wale waliosimama mapema kudai asilimia. Wenye kampuni nao walikuwa na upande wao, mkataba alisaini kwa mkono wake, hilo siwezi kulificha.

Akarudi 1987, albamu inaitwa O dromos tis epistrofis, njia ya kurudi, nyimbo za Takis Soukas zikiwemo. Sauti ilikuwa imeshuka kidogo, imekuwa nzito, na watu wakaipenda hivyo hivyo.

Ila sasa usiende kumwambia meneja wako kwamba mzee wa safu kasema ugome. Kazantzidis aligoma akiwa na jina ambalo halifutiki. We bado unatafuta la kwako, kwa hiyo kabla ya kusaini tafuta mtu anayejua sheria akusomee ule mkataba neno kwa neno, hasa kile kipengele cha miaka mingapi na nani anamiliki rekodi, na kama wanakuharakisha usaini leo leo basi lala kwanza.

Timu gani huyo mzee? (Mwananchi, Kigamboni)

AEK Athens. Klabu ya wakimbizi kutoka Istanbul, iliundwa 1924, na uwanja wao ni jirani na Nea Ionia, angekuwa wa timu gani nyingine? Na kwa sisi huku kuna kamba nyingine, PAOK ya Thessaloniki alikocheza Mbwana Samatta nayo ni ya wakimbizi hao hao, kwenye jina lake wametaja kabisa Konstantinopoli, jina la zamani la Istanbul. Kwa hiyo miaka ile mliyokuwa mnaamka kuangalia PAOK ya Samatta mlikuwa mnashangilia timu ya wajukuu wa watu hawa bila kujua.

Alikufa lini, na ni kweli wimbo wake ulipigwa marufuku na serikali? (Mwalimu mstaafu, Tanga, nimekua karibu na mashamba ya mkonge ya Wagiriki)

Mwalimu heshima yako. Kafariki 14 Septemba 2001, Athens, uvimbe kwenye ubongo, ana miaka 70. Siku tatu baada ya yale ya New York, dunia nzima macho Marekani, lakini Ugiriki maelfu walimiminika kumzika Elefsina, alipozikwa mama yake. Mama yake walikuwa hawaachani.

Marufuku, nadhani unawaza nyimbo za Theodorakis. Kazantzidis na Marinella waliimba kwenye kazi yake ya 1961, Politeia, mule mna Savvatovrado, usiku wa Jumamosi kwenye mtaa wa wafanyakazi, mashairi ya Tasos Livaditis. Wanajeshi walipopindua nchi 1967 walipiga marufuku muziki wote wa Theodorakis, kuuza, kupiga, hata kuusikiliza, kwa hiyo na hizo zikaingia humo mpaka utawala huo ulipoanguka 1974. Wale Wagiriki wenu wa mkonge wa Tanga na Moshi nadhani wao walizipiga tu verandani, nani angewakamata.

Naanzia wapi kusikiliza? Zipo nyingi mno. (Wengi mmeuliza)

Anza na hiyo Savvatovrado, ni nyepesi, ina furaha, haikutishi. Halafu Dyo portes. Halafu Yparho, ila sikiliza ile ya 1975 yenyewe, msikilize Nikolopoulos na bouzouki pale mwanzo kabla sauti haijaingia. Mandoubala weka na ile ya Lata, moja baada ya nyingine. Ukishazoea, tafuta alizoimba uzeeni na Chrysanthos kwa lahaja ya Ponto, ya watu wa baba yake, kuna kinanda kidogo cha nyuzi tatu kinachezwa kwa upinde kinalia kama mtu. Hapo hata Wagiriki wa Athens hawashiki maneno, kwa hiyo wote mtakuwa sawa. Na zile remix za disko zilizojaa mtandaoni ziruke, zimemuwekea ngoma za kompyuta mpaka pumzi yake haisikiki.

Toleo lijalo tunarudi kwenye maswali ya kawaida, aliyeuliza bei ya udi wa mitumba nimeiona meseji yako.